Kabla Hujaitupa Tochi, Tazama Kitakoni

Mwezi wa Julai, saa tisa usiku, ukungu wa Njombe hushuka mpaka kwenye mabati. Katika mtaa mmoja wa Mjimwema yuko mzee anayelinda ghala la viazi. Huvaa koti zito na glavu za sufu, na mkononi hushika tochi nyeusi ya alumini, ile ambayo wauzaji huiita tochi ya kijeshi. Usiku mmoja nilipita pale nikitoka stendi kumpokea mgeni. Akasikia hatua zangu, akabonyeza. Ti! Mwanga hafifu. Akabonyeza nusu, ukaja wa kati. Akabonyeza tena, ukaja mkali. Kwa sababu ya glavu akapitiliza, na tochi ikaanza kumetameta kama taa ya ukumbi wa disko. Kwa sekunde nne au tano mzee yule hakuniona mimi wala ukuta wa ghala lake. Aliona ukungu mweupe ukiwaka na kuzimika mbele ya macho yake.

"Shikamoo mzee, ni mimi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ungekuwa mwizi ungeshanimaliza," akajibu, na alisema kweli tupu.

Kesho yake mchana nilimrudia. Tochi haikuwa mbovu: betri nzima, kioo safi, LED inang'aa. Kilichomwangusha ni kidude cha plastiki kinachokaribia ukubwa wa harage, kilichojificha chini ya mpira wa kitakoni, pamoja na saketi inayokisikiliza. Ilikuwa swichi nzuri kwa kazi ya mtu mwingine. Nilimbadilishia siku ile ile, na hapa nitaeleza jinsi ya kuchagua na jinsi ya kubadilisha, maana katika Mjimwema yetu ya Njombe, na hata ile ya Makambako kilomita kama 60 kutoka hapa, tochi nyingi zinatupwa zikiwa hai.

Mwenye umri wa kukumbuka tochi za bati za betri kubwa mbili au tatu, zilizokula betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, atakumbuka kwamba nyingi zilikuwa na kitelezi ubavuni, na karibu yake kitufe kidogo, mara nyingi chekundu. Kitelezi kikikaa katikati, tochi haikuwaka mpaka ubonyeze kitufe, na ukiachia giza linarudi. Ukikisukuma mbele kabisa, inawaka moja kwa moja. Kwa kitufe kile mtu aliweza kumjibu mwenzake ng'ambo ya bonde kwa mimweko miwili mitatu bila kumaliza betri. Hata tochi ya mkononi ya mwanzo, ambayo David Misell alipewa hataza yake Marekani Januari 10, 1899, iliwashwa kwa kubonyeza kipete cha chuma na kuachia, kwa sababu betri na balbu za wakati ule hazikuweza kuwaka kwa muda mrefu. Kwa hiyo swichi ninazozisema si uchawi mpya. Zimehama tu kutoka ubavuni kwenda kitakoni, mahali ambapo kidole gumba hufika chenyewe mtu akiinua tochi usawa wa bega.

Sasa tuzitenganishe, na kigezo ni sikio. Iko swichi ambayo mwanga hutangulia mlio: ukibonyeza nusu, tochi inawaka, ukiachia kabla ya kusikia "ti", inazimika, ukizamisha mpaka "ti", inabaki imewaka. Na iko ambayo mlio hutangulia mwanga: unabonyeza mpaka "ti", unaachia, ndipo inawaka. Hii ya pili ukiibonyeza nusu ikiwa imewaka, inakata umeme kwa muda mfupi, na mkato huo ndio unaobadilisha hatua za mwanga. Tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani mwetu zina hii ya pili, kwa sababu muuzaji anapenda kuonyesha hatua tano: hafifu, wa kati, mkali, wa kumetameta na wa kuomba msaada. Ziko pia za kubonyeza tu zisizobaki, na ziko za kuzungusha kitako, kama ile ya SureFire 6P ya asili, ambayo ukibonyeza inamulika na ukizungusha inabaki imewaka. Hizi za kuzungusha zina vipande vichache mno vya kuharibika, ndiyo maana nazipenda.

Tochi inajuaje kwamba umekata umeme nusu sekunde ili ubadilishe hatua, na si kwamba umeizima? Kichwani kuna saketi ndogo yenye kapasita, kitu kama mtungi mdogo wa umeme. Umeme ukirudi na mtungi ukakutwa bado una kitu, saketi inaelewa: mwenye tochi anataka hatua inayofuata. Ukikutwa mkavu, inaanza upya au inarudi kwenye hatua ya mwisho, kutegemea ilivyoundwa. Ukilielewa hili utaelewa kosa ambalo mafundi wengi vijana hulifanya. Wanaweka swichi ya mwanga-kutangulia kwenye tochi ya hatua tano, halafu mwenye tochi akitaka kumweka mara tatu kwa haraka anapata mwanga hafifu, wa kati, mkali. Kila mweko unahesabiwa kama ombi la hatua nyingine. Swichi hii inaelewana na saketi ya hatua moja, au angalau ile ambayo unaweza kuchagua kundi la hatua chache, kama zilivyo baadhi ya tochi za Convoy S2+. Kama huna hiyo, acha swichi uliyo nayo.

Uchagueje basi? Anza na mkono na kazi yake, bei ije baadaye. Mlinzi anahitaji mwanga mkali mara moja, wa muda mfupi, unaozimika akiachia. Akianguka au akisukumwa, tochi inajizima na haimwonyeshi alipo. Kwake mwanga utangulie mlio, na hatua iwe moja. Mpira wa kubonyezea uchomoze nje ya ukingo wa kitako, kwa sababu kidole chenye glavu usiku wa Juni, wakati sakitu inatanda mabondeni, hakisikii kitu kilichozama.

Utingo pale Makambako, barabara ya Songea inapoungana na ile ya Mbeya, ana kazi tofauti kabisa. Anakagua matairi na kamba za turubai, tochi kaibana kwapani au mdomoni, mikono yote miwili ina kazi. Yeye anataka iwake na ibaki, na swichi ya mlio-kutangulia inamtosha vizuri. Kitako kiwe cha kuzama, kisiguswe na kitu ndani ya begi. Nimewahi kuona begi la nguo lililotobolewa na joto la tochi iliyojiwasha yenyewe kati ya sweta mbili, kwa sababu mpira wake ulichomoza. Kitako cha kuzama kina faida ya pili: tochi inasimama wima mezani. Umeme ukikatika, isimamishe, mwanga uelekee darini, na chumba chote kinaonekana bila kumuumiza mtu macho.

Anayekamua ng'ombe alfajiri anataka mwanga hafifu utangulie, asimshtue mnyama. Hapo hatua nyingi zina maana, na sitamshauri abadilishe chochote. Na yule ambaye tochi yake ni ya simu, kitochi chake cha mfukoni, namwambia tu asikitegemee kazini usiku kucha: betri atakayoimaliza kwa kumulika ndiyo aliyohitaji kupigia simu ya msaada.

Kabla ya kununua swichi, hakikisha swichi ndiyo imekufa. Hiki ni kipimo ambacho ningependa kila kijana wa mtaa wetu akijue. Fungua kitako, ondoa kabisa, betri ibaki ndani ya bomba. Chukua kipande cha waya wenye ganda, menya ncha zote mbili. Ncha moja iguse tako la betri, yaani upande wa hasi, na nyingine iguse ukingo wa bomba mahali penye alumini tupu isiyo na rangi. Tochi ikiwaka, kichwa na betri ni wazima na ugonjwa uko kitakoni. Isipowaka, usiguse swichi, tafuta tatizo kwenye betri au kichwani. Sababu yake ni nyepesi: umeme hutoka hasi ya betri, hupita kwenye springi, swichi, pete ya shaba, kisha ukingo wa bomba mpaka kichwani. Waya wako umeziruka zile tatu za mwanzo.

Ukingo ule wa bomba ndio mchawi wa tochi nyingi za kwetu. Alumini ikikaa kwenye unyevu, vumbi jekundu la barabarani likichanganyika na mafuta ya zamani, pale panafunga utando ambao umeme haupiti. Usifike kwenye kulehemu kabla hujapangusa. Kitambaa kikavu, kisha spiriti kidogo, au kifutio cha penseli kwa pale palipoganda. Nimefufua tochi kadhaa kwa kifutio cha mwanafunzi wa darasa la tatu, na wenyewe walikuwa wameshanunua nyingine. Usitumie msasa mkali, na usikwangue rangi ya kwenye tredi. Rangi ile haipitishi umeme, na ina kazi yake: inakuwezesha kulegeza kitako robo mzunguko, tochi ikakatika kabisa na isijiwashe safarini.

Ukithibitisha kwamba swichi imekufa, tazama ndani ya kitako. Utaona springi katikati na pete ya shaba yenye mikato miwili midogo. Ingiza ncha mbili za koleo jembamba kwenye mikato, zungusha kinyume cha saa. Ikikataa kwa nguvu ya kawaida, jaribu upande wa pili, kwani chache zimekatwa tredi ya kushoto. Usilazimishe: mikato ikimeguka utafanya kazi ya siku nzima kwa kitu cha dakika mbili. Kinachofuata kutoka ni kibao cha duara chenye springi upande mmoja na swichi upande wa pili, kisha pete ya plastiki, kisha mpira.

Pima kibao kwa rula ya milimita au vernia, maana kitako kinachotaka kibao cha milimita 16 hakitakubali cha 20. Pima pia kimo cha swichi, kuanzia kwenye kibao mpaka ncha ya kitufe. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Swichi ikizidi kimo hata milimita moja, mpira utaibana muda wote na tochi haitazimika. Ikipungua, utabonyeza mpaka kidole kiume bila kusikia kitu. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutafuta tochi ya muundo ule ule iliyokufa kichwa na kuchukua kibao kizima pamoja na mpira wake. Hapo hulehemu chochote.

Mzee wangu wa ghalani alikuwa na bahati hiyo. Tochi yake ni ya muundo ulioigwa kutoka SureFire 6P, ambao kichwani kuna kapsuli moja inayotoka nzima: kiakisi, LED na saketi. Nilikuwa na nyingine ya muundo huo iliyopasuka kioo na kubonyea kichwa, yenye hatua moja na swichi ya mwanga-kutangulia. Kapsuli ikahama, kibao cha kitakoni kikahama, na kazi yote ilikwisha kabla chai haijapoa.

Usipopata bahati hiyo utalehemu. Chuma cha kulehemia kiwe cha moto wa kutosha ili uguse kwa sekunde mbili au tatu na kuondoka. Chuma cha baridi kinakulazimisha kukaa sana, na ndani ya swichi kuna plastiki na kijispringi. Plastiki ikilegea, "ti" inapotea milele. Lehemu mguu mmoja, subiri upoe, kisha wa pili. Bonyeza mara kumi mkononi kabla ya kurudisha ndani. Ukiwa na multimita, iweke kwenye kipimo cha ohmu: swichi ikifunga, isome karibu na sifuri.

Tahadhari moja. Kama swichi yako ni laini, haina "ti" ya kubaki, na tochi inawaka kwa kugusa na kuzimika kwa kushikilia, hiyo ni swichi ya kielektroniki. Haipitishi umeme wa taa, inapeleka amri tu kwa saketi. Kuibadilisha na swichi ya kawaida ni kuua tochi.

Ukiwa umeshafungua kitako, shughulikia springi. Springi za tochi za bei nafuu ni chuma chembamba chenye ukinzani, na hesabu yake inastahili kufanywa. Tochi inayokula ampea 3, ikipita kwenye ukinzani wa ohmu 0.1 tu, inapoteza volti 0.3 njiani. Betri moja ya lithiamu ina volti 4.2 ikijaa na hukaa karibu na 3.7 muda mwingi wa kazi. LED nyeupe inayosukumwa hivyo yenyewe inataka zaidi ya 3. Volti 0.3 hapo ndiyo mwanga ulioulipia. Tena unageuka joto, karibu wati moja ndani ya springi ndogo, nayo ikipata moto hulegea na kuzidi kugusa vibaya. Dawa ni kipande cha waya laini wa shaba wa nyuzi nyingi, sentimita mbili na nusu hivi, ukilehemu ncha moja juu ya springi na nyingine chini kwenye kibao, katikati ukiacha ulegevu ili springi iweze kubonyea. Umeme utapita kwenye shaba na springi itabaki na kazi yake ya kusukuma. Fanya hivyo kwa tochi yenye saketi inayodhibiti mkondo. Tochi isiyo na udhibiti, ambayo LED imeungwa moja kwa moja na betri, ilikuwa inalindwa na ule ule ukinzani wa springi, na ukiuondoa unaweza kuiunguza.

Na betri je? Hapa nina uchungu, kwa sababu niliwahi kuuziwa mbili kwa pesa nzuri, zimeandikwa 9900mAh. Betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, haiwezi kubeba kiasi hicho. Nyingi zilizo nzuri huwa kati ya 2500 na 3500. Nilipozipima zangu kwenye mizani ya dukani, zilikuwa nyepesi kama ganda, wakati betri halisi ina takriban gramu 45. Basi beba mizani kabla ya pesa. Kamwe usilehemu waya juu ya betri yenyewe ya lithiamu, usiache ikizunguka mfukoni na funguo, na kwenye tochi ya betri mbili usichanganye mpya na kuukuu. Usichaji ikiwa imelala nje kwenye baridi ya sakitu. Iingize ndani, ipate joto la chumba, ndipo uchaji, kwa maana kuchaji chini ya nyuzi 0 huiharibu ndani bila dalili nje. Iliyovimba au kutoboka ganda isiingie tena kwenye tochi, wala isitupwe jikoni kwenye mkaa.

Kwa Njombe, iliyoinuka karibu mita 2,000, adui wa mwisho ni maji yasiyoonekana. Tochi iliyopoa kwa baridi ikitoka kwenye ukungu na kuingia ndani penye joto, unyevu hugeuka matone kwenye kioo na kwenye ukingo ule ule wa alumini. Kitakoni pana pete nyembamba ya mpira ya kuzuia maji. Ukishamaliza kazi ipake grisi ya silikoni kidogo sana, kama ukubwa wa punje ya ulezi. Mafuta ya mgando ya kujipaka usoni yaache, kwani baadhi ya mipira hiyo huvimba nayo na kitako kikakataa kufunga. Mpira wa kubonyezea ukiona umepata ufa, badilisha hata kama swichi ni nzima, kwa sababu maji yatapita hapo na swichi yako mpya itakufa kama ile ya zamani.

Mzee wa ghalani nilimwachia mpira wa akiba na kipande cha kitambaa. Jioni kabla ya kuingia lindoni hufungua kitako, hupangusa ukingo, hufunga, hubonyeza nusu mara moja akiuelekeza mwanga chini, huachia. Wiki iliyopita nilipita tena usiku, ukungu ule ule. Mwanga ukatua miguuni pangu, mkali, ukapanda mpaka kifuani, ukazimika kabla haujafika machoni.

"Pita mwanangu," akasema kutoka gizani.